Nani Muuaji? Dhana Zetu Mbele ya Runinga

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya tarawehe)



Ndugu wa kamati waliponiomba nizungumze usiku huu waliniachia nichague mada mwenyewe. Najua wengi wenu mlitarajia niseme juu ya fadhila za kumi la mwisho. Wapo masheikh wetu wanaoyajua hayo kuliko mimi. Mimi nimechagua jambo ambalo sisi vijana tunalijua zaidi kuliko tunavyokiri mbele ya wazazi wetu, nalo ni runinga. Hasa zile tamthilia za mauaji, ambazo mtu anauawa katika sehemu ya kwanza, na wewe unakaa mpaka sehemu ya mwisho ukiuliza: nani muuaji?

Sikuja kutoa fatwa, sina elimu hiyo. Nimekuja kuwasimulia namna watu walivyoipokea tamthilia moja, na jambo lililonipata mimi mwenyewe nilipoitazama. Nitaitoboa siri yake yote, kwa hivyo kama hujaiona na unataka kuiona, usije ukanilaumu.

Tamthilia yenyewe inaitwa Broadchurch. Aliitunga Mwingereza Chris Chibnall, na kituo cha ITV cha Uingereza kikaanza kuionyesha tarehe 4 Machi 2013, kila Jumatatu usiku, sehemu nane. Broadchurch ni mji mdogo wa kubuni kando ya bahari. Asubuhi moja mtoto wa miaka 11, Danny Latimer, anaokotwa amekufa ufuoni chini ya mwamba. Wapelelezi ni wawili. Alec Hardy ni mgeni asiye na marafiki pale. Ellie Miller ni mwenyeji, rafiki wa mama yake Danny, na mwanawe mwenyewe alikuwa akicheza na Danny.

Sasa tazama watu walivyoipokea. Sehemu ya kwanza ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 6 usiku ule ule, na ya mwisho, tarehe 22 Aprili, na zaidi ya milioni 8. Katikati ya hapo Uingereza nzima ilikuwa na kazi moja, kubahatisha. Kazini watu walikuwa wakibishana juu ya muuaji. Magazeti yalichapisha orodha ya washukiwa na sababu za kila mmoja. Maduka ya kamari nayo yakaanza kupokea pesa za watu juu ya nani alimuua Danny. Waigizaji wengi hawakuambiwa jibu walipokuwa wakipigwa picha, kwa hivyo hata wao kwa wao walikuwa wakitiliana shaka.

Mtunzi naye aliwapa watazamaji chakula cha kutosha. Kila wiki alimweka mtu mpya mbele ya macho yao. Wiki hii ni baba wa mtoto, maana amekataa kusema usiku ule alikuwa wapi. Wiki ijayo ni kasisi, maana aliwahi kuwa mlevi. Mara ni mwanamke anayeishi peke yake na mbwa wake, kwa kuwa hacheki na mtu. Mara ni fundi wa simu anayedai kupata habari kutoka kwa wafu. Kila mmoja ana jambo analolificha, na sisi tunaotazama tunaruka: ndiye huyu! Wiki ikipita tunamwachilia, tunamkamata mwingine. Wala hatuoni haya, kwani hawa si watu wa kweli. Ukimdhania mtu wa runinga hakuna anayeumia.

Au ndivyo nilivyodhani.

Sisi tuliiona miaka mingi baadaye, ilipotufikia kwenye flashi katika hosteli ya chuo. Tulikuwa vijana sita mbele ya kompyuta moja. Tulibandika karatasi ukutani, kila mtu akaandika mshukiwa wake. Mmoja akasema atakayepatia anunuliwe soda na wenzake, mwingine akasema akhi, hiyo ni kamari, basi soda ikaachwa, majina yakabaki. Mimi niliandika jina langu la mshukiwa mapema sana, na kwa kalamu ya wino. Niliandika Jack Marshall.

Jack Marshall ni mzee mwenye duka la magazeti. Danny alikuwa akimsambazia magazeti asubuhi. Mzee huyu pia anaongoza kikundi cha vijana wa baharini, yuko peke yake, na hana maneno matamu. Kisha inafichuka kwamba zamani aliwahi kufungwa kwa uhusiano na msichana aliyekuwa bado hajatimiza umri wa kisheria. Basi, mimi nikawaambia wenzangu: si nilisema? Magazeti ya pale Broadchurch yanaandika habari zake, wazazi wanawaondoa watoto wao, na watu wanamwendea kundi zima.

Mwisho wa sehemu ya tano, mzee Jack anakutwa amekufa ufuoni. Amejiua.

Na hakuwa yeye. Baada ya kufungwa alimuoa msichana yule. Walipata mtoto wa kiume, na mtoto huyo akafa katika ajali ya gari. Mapenzi yake kwa watoto wa kile kikundi yalikuwa ni huzuni ya baba aliyefiwa. Mambo haya aliyasema kabla hajafa, lakini nani alikuwa na nafasi ya kumsikiliza?

Chumba chetu kilinyamaza. Sehemu hiyo iliwauma watazamaji wengi, na mwaka 2014 David Bradley, aliyeigiza kama Jack, alipewa tuzo ya BAFTA. Mimi nadhani iliuma hivyo kwa sababu mtunzi alitutega. Wiki nne alituzoesha raha ya kudhania, ya tano akatuonyesha bei yake. Tuliokuwa tukitazama tulikuwa pamoja na lile kundi lililomwendea mzee.

Na Waingereza hawakuhitaji kwenda mbali kupata mfano wa kweli. Mwezi wa Desemba 2010, mjini Bristol, aliuawa mwanamke kijana wa miaka 25. Polisi walimkamata mwenye nyumba aliyopanga, mwalimu mstaafu, kisha wakamwachilia kwa dhamana. Kwa siku chache zile magazeti yalimchambua nywele zake, mwendo wake, hata namna alivyofundisha darasani, kana kwamba nywele ni ushahidi. Hakuwa na hatia yoyote. Muuaji alikuwa jirani, naye alihukumiwa Oktoba 2011. Kabla ya hapo, Julai mwaka huo huo, magazeti manane yalimlipa mwalimu yule fidia kwa kumharibia jina, na mawili kati yake yakatozwa faini kwa kudharau mahakama, moja pauni 50,000 na jingine pauni 18,000. Haya, pesa zilipatikana. Lakini aliyesoma habari za kwanza na asisome za pili, mpaka leo anamkumbuka vipi?

Turudi kwenye Broadchurch. Muuaji, mwisho wa yote, alikuwa Joe, mume wa Ellie Miller mwenyewe. Yaani mpelelezi alikuwa akitafuta mji mzima na aliyemtafuta analala naye nyumba moja. Watazamaji waligawanyika. Wako waliosema walijua tangu mwanzo (baada ya jibu kutoka, wajuzi huwa wengi!). Wako waliolalamika kwamba jibu lilitolewa mapema mno, maana sehemu ya mwisho inamfichua karibu na mwanzo, halafu muda wote uliobaki ni majonzi. Lakini nadhani ndivyo mtunzi alivyotaka. Alitaka tukae na waliofiwa badala ya kuzima runinga tukishangilia kwamba tumepatia.

Liko jambo jingine hapo. Kabla ya kufichuka, Ellie alimuuliza kwa ukali yule mwanamke wa mbwa, ambaye mumewe aliwahi kutenda maovu makubwa nyumbani kwao: inawezekanaje hukujua? Katika sehemu ya mwisho, mama yake Danny anamuuliza Ellie swali hilo hilo. Nilijifunza hapo kwamba hukumu tunayoitoa kwa wepesi kwa jirani haikawii kubisha hodi kwetu.

Mwaka 2015 ilipokuja awamu ya pili, watazamaji walikasirika tena, safari hii kwa sababu Joe aliachiliwa na mahakama. Watu wakasema, vipi, na sisi tulimwona? Lakini kumbukeni Ellie alipoambiwa habari za mumewe alimvamia akampiga. Mawakili wakaitumia hoja hiyo, na ungamo la Joe likakataliwa mahakamani. Vijana wenzangu, tulizingatie hili sisi tunaoishi katika nchi ambayo mtu akipigiwa kelele za mwizi sokoni hapati hata dakika ya kusema jina lake. Ghadhabu inaweza kumuua asiye na kosa, na inaweza pia kumwokoa mwenye kosa. Pande zote mbili haki imepotea.

Sasa niseme lile langu, ndilo lililonileta hapa.

Wiki ile ile tuliyokuwa tukiitazama tamthilia, simu ya mwenzetu ilipotea chumbani. Asubuhi ile alikuwa amepita mzee anayefagia korido yetu. Mimi sikumtuhumu. Wallahi sikusema ameiba. Nilisema tu, "Mbona mzee leo amefagia mapema?" Basi. Lakini mnajua neno linavyotembea hosteli. Kufika alasiri ghorofa nzima inajua mzee ameiba simu. Waliokuwa wakimsalimia "shikamoo" wakawa wanapita. Jioni vijana wawili wakamwambia afungue mfuko wake. Akaufungua. Ndani mlikuwa na shati kuukuu, chupa ya chai na nusu mkate.

Simu ilipatikana siku ya pili, nyuma ya meza katika chumba cha kompyuta, mwenyewe alipoiacha akiichaji. Tulikwenda sote kumwomba radhi. Akatuambia, "Haidhuru, wanangu." Lakini tangu siku hiyo mzee yule haingii chumbani mwetu. Akifika mlangoni anauegesha ufagio pale, tuchukue tufagie wenyewe.

Ndugu zangu, nilisoma Surat al-Hujurat chuoni tangu nikiwa mdogo, nikaihifadhi. Aya ya 12 inatuonya juu ya dhana, kupelelezana na kusengenyana, kwa mpangilio huo huo. Niliweza kuisoma kwa tajwidi, lakini nilihitaji mzee wa magazeti wa kubuni na mzee wa ufagio wa kweli ndipo niuone mpangilio ule: kwanza unadhania, kisha unachungulia, kisha unasema. Na ukishasema, neno si lako tena.

Je, nawaambia msitazame? Hilo waulizeni wenye elimu. Ninalowaambia ni hili: ukikaa mbele ya runinga ukabahatisha muuaji, ujue unafanya mazoezi ya kitu fulani. Ukiizima, usitoke nacho mlangoni. Mshukiwa wa runinga akikosewa anakwenda nyumbani na kulipwa mshahara wake wa uigizaji. Mfagizi, mpangaji mgeni, dada anayekaa kimya, kijana asiyeonekana msikitini siku mbili, hawa wakikosewa wanabaki na jina tulilowapa. Na kama kuna kosa la kweli, liko kwa wenye kupeleleza na wenye kuhukumu. Wewe kama una ushahidi upeleke huko. Kama huna, una swali tu, na swali pia linaweza kumvua mtu nguo, kama langu lilivyofanya.

Nimalizie kwa deni langu. Radhi tuliomba kwa pamoja, sita kwa mmoja, na katika kundi mtu hujificha. Mzee bado hajui kwamba neno lile lilianza kwangu. Mwezi huu hauishi ila nimekwenda kwake peke yangu nimwambie. Nimelisema mbele yenu makusudi, ili nisipokwenda mnikumbushe. Na kama miongoni mwenu yuko mwenye mzee wake wa namna hiyo, basi tuandamane, siku za kabla ya Idd bado zipo.

Mola atakabali saumu zetu na atusamehe tuliyoyatamka. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.