Mkono wa Mtoto, Uhai wa Bibi



Homa ya mafua huchukuliwa na wengi kuwa ugonjwa mdogo. Mtoto hukohoa, hulala siku tatu nne, kisha hurudi darasani. Bibi aliyempakata nyumbani huenda asiamke. Kwa sababu hiyo, suala la kuwachanja watoto wa shule dhidi ya homa hiyo si la watoto peke yao, na historia ya Japani yafaa kutazamwa kwa makini.

Mwaka 1957 homa ya mafua iliyoanzia Asia ilizunguka dunia nzima. Mwaka 1962 Japani ikaanza mpango wa kuwachanja wanafunzi. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: watoto hukaa bega kwa bega, huambukizana, na jioni kila mmoja huupeleka ugonjwa kwao, ambako mara nyingi babu na bibi waliishi nyumba moja na wajukuu. Mwaka 1977 chanjo hiyo ikafanywa ya lazima.

Kisha likatokea jambo la Maebashi. Mwaka 1979, katika mji huo, mtoto mmoja alipatwa na degedege baada ya kuchanjwa, na chanjo ikasimamishwa. Madaktari wa hapo wakapata nafasi ya kuwalinganisha watoto wao na wale wa miji iliyoendelea kuchanja. Taarifa yao ya mwaka 1987 ilionyesha kuwa tofauti ya kuugua ilikuwa ndogo. Mwaka huo huo wazazi wakaruhusiwa kukataa, nao wakakataa kwa wingi. Mwaka 1994 mpango ukafutwa.

Si haki kuwalaumu wazazi hao. Waliambiwa watoe mkono wa mtoto, na amri ikakaa mahali pa maelezo. Madaktari wa Maebashi nao hawakudanganya; walihesabu watoto, kama walivyokusudia. Vifo vya wazee havikuwamo katika hesabu hiyo.

Hesabu ya wazee ilikuja mwaka 2001, katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Watafiti walilinganisha vifo vya Japani na vya Marekani kwa muda wa takriban miaka 50. Waliona kwamba kabla ya mpango, vifo vya ziada vya majira ya baridi huko Japani vilikuwa mara tatu hadi nne ya vile vya Marekani. Wakati wa mpango vilishuka vikakaribia kulingana. Na chanjo ilipoachwa vikapanda tena. Walikadiria kuwa vifo kati ya 37,000 na 49,000 vilizuiwa kila mwaka, yaani kifo kimoja kwa kila watoto 420 waliochanjwa. Wapo wataalamu waliotilia shaka ukubwa wa makadirio hayo, kwa kuwa katika miaka hiyo maisha ya Wajapani yalikuwa yakibadilika kwa mengi. Shaka hiyo ina uzito. Hata hivyo, mwelekeo wa hesabu yenyewe si wa kupuuzwa.

Uingereza ilipoanza kuwachanja watoto wake mwaka 2013, ilichagua dawa ya kupuliziwa puani badala ya sindano, na shuleni mzazi huombwa idhini kwanza.

Tanzania nayo ilitumia shule mwaka 2018, ilipoanza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya virusi vya saratani ya mlango wa kizazi. Hapo swali la mzazi lina jibu la wazi: anayekingwa ni binti mwenyewe. Chanjo ya homa ya mafua ni ngumu zaidi kuieleza. Humkinga mtoto, naam, lakini sehemu kubwa ya faida yake humwendea mzee asiyekuwapo kwenye foleni. Mzazi akiuliza kwa nini mwanawe achomwe kwa ajili ya mwingine, wa kwanza kuulizwa ni mwalimu mwenye orodha ya majina. Kwa miaka kumi jibu la Japani lilikuwa kwamba sheria imeamuru.