Kulinganisha Sauti ya Klarineti Penye Baridi
(Maneno waliyoambiwa waalimu na waimbaji wa Karatu)



Nataka kusema habari ya kitu kidogo, maana kitu kidogo huweza kuharibu wimbo mzuri. Zamani nalimkaripia kijana mmoja mbele ya wenzake, nikisema hana sikio, kwa kuwa klarineti yake ilikuwa chini ya sauti ya kinanda. Asubuhi ile tulikuwa Ngorongoro, juu ya ukingo wa lile shimo kubwa, penye ukungu na baridi. Kijana akainamisha kichwa, akanyamaza. Baadaye nalitambua ya kuwa kosa halikuwa lake.

Wengine hudhani kwamba kimo cha mlima ndicho kishushacho sauti, kwa kuwa Karatu ni kama mita 1,500 juu ya bahari, na ukingo wa Ngorongoro hupita mita 2,200. Sivyo, ni baridi. Sauti huenda polepole zaidi katika hewa ya baridi, na hewa iliyomo ndani ya klarineti ikipoa, sauti yake hushuka. Lakini kinanda chenye ndimi za shaba hakibadiliki sana. Basi sharti klarineti ikifuate kinanda.

Dawa yake ndiyo hii. Kwanza, mpigaji aipashe joto mikononi, apulize taratibu. Asipulize kwa nguvu ghafula. Klarineti nzuri nyingi huchongwa kwa mpingo, mti uotao kwetu, kama kule Kilwa na Lindi. Na mti ukipata joto na unyevu ndani, hali nje ni baridi, huweza kupasuka.

Pili, ashike kile kipande kifupi kilicho kati ya kinywa cha klarineti na kiungo chake cha juu. Nacho kwa umbo lake tukiite pipa. Akilisukuma ndani, bomba hufupika, sauti hupanda. Akilivuta nje, bomba hurefuka, sauti hushuka. Avute milimita moja tu, au pungufu, kisha asikilize. Sauti mbili zilizokaribiana pasipo kulingana hutetema: kinanda kikiwa na mitikisiko 440 kwa sekunde, na klarineti 437, mtasikia mapigo matatu kila sekunde. Mapigo yakipungua, mnakaribia, yakikoma, zimelingana.

Tatu, pipa halitengenezi yote. Likivutwa mno, sauti za matundu ya juu hushuka kupita nyingine, maana bomba lao ni fupi. Na kama limekwisha kuingia lote, na sauti ingali chini, hapana budi kungoja joto, ama kutafuta pipa lililo fupi zaidi. Tena, klarineti ikipata joto katikati ya nyimbo, itapanda. Ndipo alivute kidogo kabla ya wimbo ufuatao.

Yule kijana nalimwendea, nikamwomba radhi mbele ya wale wale walionisikia. Basi, waalimu, kabla hamjamhukumu mtoto, kishikeni kwanza chombo chake. Kikiwa baridi, mpeni nafasi akipashe joto.