Kutibu Kokeini kwa Kichangamshi

Kumpa mraibu wa kokeini kichangamshi kingine kunaweza kuonekana kama kuzima moto kwa petroli. Waholanzi walilijaribu jambo hilo kwa uangalifu, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet, yanastahili kusikilizwa.

Waraibu 73 wa kokeini, waliokuwa tayari wakitibiwa uraibu sugu wa heroini, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kwa wiki 12 walimeza vidonge kliniki, mbele ya wahudumu: baadhi kichangamshi kiitwacho deksamfetamini, miligramu 60 kwa siku, wengine vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa walitumia kokeini kwa wastani wa siku 45 hivi; wenzao, siku 61.

Kinachosaidia ni mwendo wa dawa. Kokeini ya kuvuta kama moshi hupanda kichwani kwa sekunde chache, kisha hushuka upesi na kuacha uchu mkali. Vidonge vya deksamfetamini vilivyotumika huachia dawa polepole kutwa nzima. Hoja hiyo haitofautiani sana na ya methadoni, ambayo waraibu wa heroini wamekuwa wakipewa katika hospitali ya Muhimbili, Tanzania, tangu 2011.

Tahadhari ni lazima. Vichangamshi hupandisha shinikizo la damu, na vyenyewe vyaweza kuleta uraibu. Mtu asijinunulie mtaani. Lakini hadi sasa Marekani haijaidhinisha dawa yoyote ya uraibu wa kokeini. Serikali na wafadhili wagharimie majaribio makubwa zaidi. Mraibu ni mgonjwa, na mgonjwa ana haki ya tiba iliyopimwa.