Mashine Inasukuma Hewa, Nani Anatazama?

Leo tuzungumze habari ya kupumua. Hebu weka mkono kifuani, uhesabu pumzi zako kwa dakika moja. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20. Rahisi, sivyo?

Sasa mfikirie mgonjwa mahututi asiyeweza kupumua mwenyewe. Anawekewa mrija kooni, na mashine inamsukumia hewa. Watu husema, "Aa, mashine ipo, tumeshapona." La! Mashine inasukuma tu. Lazima awepo mtu wa kutazama.

Sikia kisa hiki. Mwaka 1952 polio ilizuka mjini Copenhagen, Denmark. Katika wiki 3 za kwanza, hospitali ya Blegdam ilipokea wagonjwa 31 waliopooza misuli ya kupumulia. Walikufa 27. Wengine walipewa oksijeni, wakawa na rangi nzuri, na bado wakafa. Kwa nini? Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, aling'amua: hewa safi inaingia, lakini hewa chafu ya kabonidayoksaidi haitoki!

Tarehe 27 Agosti msichana wa miaka 12 alitobolewa koo, akatiwa mrija, na Ibsen akampa pumzi kwa kuminya mfuko wa mpira kwa mkono. Akanusurika. Lakini wagonjwa walikuwa wengi na mashine hazikutosha. Unajua waliitwa nani? Vijana! Wanafunzi wa udaktari na wa meno kama 1,500 walipokezana zamu, usiku na mchana. Waliminya huku wakitazama: kifua kinapanda? Jasho linamtoka? Si mchezo. Vifo vikashuka kutoka zaidi ya 8 katika kila wagonjwa 10 hadi kama 4.

Siku hizi kipimo cha kubana kidoleni huonyesha oksijeni. Kingine, kwenye mrija, huonyesha hewa chafu inayotoka. Cha kidoleni peke yake hakitoshi; wale wa Copenhagen walikuwa na rangi nzuri pia.

Je, ndugu yako akilazwa hivyo? Usiguse mrija wala kubonyeza kitufe. Mashine ikilia, au ukiona anahangaika, mwite nesi papo hapo, usione haya. Mgonjwa hawezi kusema kwa sababu ya mrija, lakini huenda anakusikia. Mshike mkono, umwambie upo.