Anayetaka kuacha pombe tumpeleke wapi?

(Mazungumzo na familia za wakimbizi wa ndani, familia zilizowapokea na viongozi)



Leo tunasema nanyi juu ya pombe, lakini hatukuja kumhukumu mtu. Tunajua namna kasiksi na kanyanga vinavyoingia katika maisha ya mkimbizi. Mtu amepoteza shamba, mifugo na ndugu. Mchana hana kazi, usiku usingizi hauji. Anakunywa ili asahau. Baadaye chakula cha watoto kinauzwa, mke anapigwa, na neno dogo penye bomba la maji linageuka ugomvi wa kabila na kabila. Ndiyo maana sisi tunaotafuta amani hatuwezi kunyamaza.

Akina mama hutuuliza: "Mume wangu anasema anataka kuacha. Nimpeleke wapi?" Kumwambia "aache tu" hakutoshi. Tunawapa njia tatu.

1. Kwanza kituo cha afya. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafula akiwa peke yake. Katika siku za kwanza anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuanguka kama mwenye kifafa, au kuona vitu visivyokuwapo. Wengine husema amelogwa. Sivyo. Ni mwili uliozoea pombe ambao sasa umeikosa, na hali hiyo inaweza kuua. Apelekwe upesi, wala asifungwe kamba nyumbani. Muuguzi akiona ugonjwa unamshinda, atamtuma mbele. Goma kuna kituo cha Tulizo Letu na Bukavu kuna SOSAME, vituo vya Frères de la Charité vinavyotunza wagonjwa wa akili.

2. Kisha kikao cha wenzake. Mwili ukitulia, tamaa hubaki. Mwaka 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, walevi wawili, mmoja wao daktari, waliona kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake hupata nguvu ya kukaa siku moja bila kunywa, kisha siku nyingine. Ndivyo ulivyoanza ushirika unaoitwa Alcoholics Anonymous, maana yake walevi wasiotajwa majina. Hakuna ada. Sharti ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Mwaka 1951 jamaa za walevi nao walianzisha ushirika wao, Al-Anon, kwa sababu hata anayeishi na mlevi anaumia.

Ili kupata kikao cha namna hiyo, ulizeni kwa siri muuguzi, RECO wa mtaa, padri, mchungaji au imamu. Kabla ya kuingia, ulizeni mambo haya: Je, yanayosemwa ndani yanabaki ndani? Je, mtu wa kabila lolote na dini yoyote anapokewa? Je, wanawake wana nafasi ya kusema bila kuchekwa? Je, kuna malipo? Anayewaahidi kuponya ulevi kwa siku moja kwa fedha, mwacheni.

3. Kama hakuna kikao, anzeni. Mwezi wa pili 2025, kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa, watu walitawanyika, wengine kurudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, wengine kukaa kwa jamaa. Aliyekuwa na mwenzake wa kumtia moyo alijikuta peke yake. Asingoje shirika lije. Wawili wanatosha. Wachague siku moja ya juma, saa moja, na mahali pasipouzwa pombe. Kila mmoja aseme habari zake mwenyewe, asimhubirie mwingine, asimkatize. Wakiagana, waulizane: "Leo jioni tamaa ikinishika, nikujie wapi?" Swali hilo limewasaidia wengi kuliko vitisho.

Nanyi viongozi, tunawaomba mambo matatu. Msisome majina ya walevi mbele ya watu. Aliyeaibishwa hujificha, na aliyejificha hunywa zaidi. Toeni chumba au kivuli cha mti kwa ajili ya kikao, na msiweke kikao saa ya kugawa chakula. Tena, msimwage mitungi ya mama anayelisha watoto kwa kuuza kanyanga kabla ya kukaa naye na kutafuta kazi nyingine. Mkimwaga tu, kesho atapika mafichoni, na uadui utakuwa umezaliwa.

Mwisho, tunaziambia familia: anayeacha anaweza kuanguka tena. Mkimlinda mke na watoto wasipigwe, msimfungie yeye mlango wa kikao. Arudi kesho yake, aanze tena kuhesabu siku. Katika kikao watu waliokimbiana vitani hukaa kwenye benchi moja, kwa kuwa pombe haikuwauliza kabila. Hapo tumeona amani ikianza na watu wachache.

Maswali ya kujadiliana:
- Katika mtaa wetu, mtu anayetaka kuacha pombe anaweza kumwendea nani bila kuogopa?
- Ni mahali gani panafaa kwa kikao?
- Akina mama wanaopika pombe wangeweza kufanya kazi gani nyingine, na nani awasaidie kuianza?