Mwanafunzi Mwenye Mvi

Leo nataka tumfikirie mtu anayejifunza polepole, hata akadhani kwamba hasogei.

Mwezi wa Januari 2004, Mzee Kimani Maruge, aliyesema kwamba ana umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imeondoa karo katika shule za msingi. Mzee alivaa kaptura na soksi ndefu, akaketi pamoja na watoto wa rika la wajukuu wake. Haja yake moja kubwa ilikuwa kujisomea Biblia mwenyewe.

Ndugu zangu, mkono wa mzee hauzoei kalamu kwa siku moja. Huanza na irabu, kisha silabi, ndipo neno. Mzee Maruge alifariki mwaka 2009, kabla ya kumaliza shule ya msingi. Je, miaka ile ilipotea bure? Kama faida ya elimu ni cheti tu, basi ilipotea. Lakini kila neno alilojua kulisoma lilikuwa mali yake tangu siku ile alipolijua.

Yuko kijana anayejifunza ushonaji. Kila mara fundi humwambia afumue pindo na kulishona upya, naye huona anacheleweshwa. Yuko mama wa darasa la ngumbaru aliyekaa juma zima kwenye ukurasa mmoja, naye aona haya. Wote wawili wanafikiria kuacha. Kumbe kufumua kule ndiko kunakoufundisha mkono, na ukurasa ule mmoja ndio utakaomfungulia mama ukurasa wa pili.

Musa naye alichunga kondoo wa mkwewe kwa miaka mingi. Nani angesema kwamba hiyo ni shule? Lakini alifika na kundi lake hata mlima Horebu, na baadaye akawaongoza watu wa Israeli katika nyika hiyo hiyo.

Basi, msikilizaji, usijiulize leo umebakiza safari gani. Jiulize: ninajua nini leo ambacho mwezi uliopita sikukijua? Hata kikiwa kidogo, mshukuru Mungu kwa hicho, na kesho urudi darasani.

Bwana awe nanyi nyote.