Kabla ya Kulipia Kompyuta, Soma Nambari
Mazungumzo kwa wakazi wa Umoja



Kijana anayetaka kufungua saiba mtaani huenda Luthuli Avenue na akiba ya miezi mingi. Anaonyeshwa laptopu mbili za mtumba: moja ina kibandiko cha Core i7, nyingine Core i5. Ya i7 ni ghali zaidi. Wengi huichukua hiyo, kwa kuwa saba ni zaidi ya tano. Hapo ndipo pesa huweza kupotea.

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta, lakini kibandiko hakitoshi kueleza nguvu yake. Soma nambari inayofuata. Core i7-6600U ni ya kizazi cha 6, na ina viini viwili vya kufanyia kazi. Core i5-8250U ni ya kizazi cha 8, na ina viini vinne. Ukifungua eCitizen, iTax na barua ya mteja kwa pamoja, i5 hiyo itahimili kazi kuliko i7 ile.

Kuna sababu nyingine ya kuangalia kizazi. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11, kwa jumla, huhitaji prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Anayeshika nywila na vyeti vya wateja asinunue mashine isiyopata kinga mpya.

Hata hivyo, usilipie nguvu usiyoihitaji. Kwa kuchapa, kuprinti na kujaza ritani za KRA, i5 inatosha. Pesa inayobaki iende kwenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Prosesa kubwa ni ya anayehariri video au kuchora ramani za majengo.

Kabla ya kulipa:

1. Washa mashine, fungua Settings, System, kisha About. Soma jina kamili la prosesa na kiasi cha RAM.
2. Chomoa chaja, uitumie kwa robo saa ili uone hali ya betri.
3. Dai risiti yenye modeli, nambari ya mashine na muda wa dhamana.

Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inakataza muuzaji kudanganya kuhusu ubora wa bidhaa. Risiti ndiyo shahidi wako. Itunze.